Mkebe wa mama na kota za Nakawa

Jamani nipo Toronto mwaka wa tisa sasa, na kila basi likinipitisha pale barabara ya Allen inapoishia Eglinton lazima niikumbuke Nakawa, mtaa wetu kule Kampala. Barabara kubwa kweli, magari yanakimbia, halafu ghafla inakatika, taa nyekundu, vinyozi wa Kijamaika, basi. Mwanzoni nilidhani pesa ziliisha. Kumbe wananchi waliikataa. Ilitakiwa ishuke mpaka katikati ya mji juu ya nyumba za watu, wakazi wakapiga kelele miaka, akiwemo yule mama Jane Jacobs aliyehamia huku 1968 baada ya kupigania mitaa ya New York, na mwaka 1971 kiongozi wa jimbo, Bill Davis, akaisimamisha. Mpaka leo haijasogea.

Sasa sisi. Zile kota za Nakawa na Naguru zilijengwa enzi za Mwingereza kwa wafanyakazi Waafrika. Mluo, Mnubi, Muacholi, Mganda, mlango kwa mlango, ndo maana Kiswahili changu sikukipata shule, nilikipata kwenye foleni ya maji pale bombani. Julai 2011 katapila zikaja. Familia zaidi ya 1,700 zikatolewa. Mama alikuwa na risiti za kodi tangu marehemu baba yuko hai, kazifunga na raba ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, akamfuata kijana mmoja aliyeshika orodha amwonyeshe. Yule kijana hata hakuufungua mkebe. Akasema tu, "Mama, nyie mtarudi, mnajengewa ghorofa." Mama akamjibu, "Haya mwanangu, niandikie basi." Hakuandika. Kiwanja kikakaa miaka kimeota majani.

Huku kuna mtaa unaitwa Regent Park, nyumba za serikali zilizoanza kujengwa 1948, nazo miaka ya 2000 zilianza kubomolewa ili zijengwe upya. Ila wapangaji walipewa haki ya kurudi, kwa maandishi. Sisemi mambo yalikwenda vizuri yote, wengine walisubiri miaka, wengine hawakurudi kabisa, lakini mtu alikuwa na karatasi ya kumshika nayo mkubwa. Mama yangu aliwaomba karatasi hiyohiyo!

Msiniambie wazungu ndo wanajua kudai haki. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alianzisha maonyesho ya mashimo ya barabara za Kampala mtandaoni, watu wakamwaga picha, shimo la Ntinda, shimo la Bukoto, mpaka rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kuziba. Bilioni 6, kwa simu za watu wa kawaida! Hasira tunayo na akili tunayo. Tatizo shimo lina picha, ahadi haina, na mtaa ukishabomolewa hata watoto waliozaliwa pale wanaanza kubishana bomba lilikuwa upande gani.

Huku tangu 2007 kila Mei watu wanatembea mitaa yao, mkazi anawaongoza wenzake, hapa palikuwa na hiki, hapa tulikataa kile. Na ukumbi wa jiji ukiwa na kikao cha kamati unaandikisha jina lako unapewa dakika zako unasema, nimeshaona bibi mzee akiwasomea madiwani historia ya jengo moja na wakamsikiliza. Kwetu najua watu ishirini wakisimama pamoja barabarani polisi wanafika kabla hawajasema kitu. Lakini kukusanya kumbukumbu hakuhitaji kibali cha mtu, tungeweza kuanza hata kesho.

Mama bado ana ule mkebe, sasa uko Kireka chini ya kitanda chake. Desemba nakuja, nitazipiga picha risiti moja moja na tarehe zake. Wewe uliyekaa Nakawa au Naguru, au wazazi wako, una nini pale nyumbani? Kitambulisho cha kazi cha mzee, picha ya harusi inayoonyesha ukuta wa kota, chochote. Usikitupe. Nitumie picha, na uandike nyuma mlikaa nyumba namba ngapi.