Winga Aliyening'inia Jukwaani

Yanga walikuwa mbele mabao mawili kwa moja pale kijana aliyeshika Simba alipoweka padi ya gemu mezani na kutangaza kwamba hachezi na wachawi. Ushahidi alikuwa nao. Kila winga wa Yanga aliposhuka na mpira kwenye mstari wa chini ya skrini, kule juu jukwaani, katikati ya mashabiki, kilitokea kiwiliwili cheusi, miguu juu kichwa chini, kikikimbia naye sambamba.

"Kamati ya ufundi imehamia mpaka kwenye kompyuta!" alisema, na banda zima la gemu pale Sinza likamuunga mkono, wakiwemo wawili waliokuja kuchaji simu tu.

Meza yangu ya kutengeneza kompyuta iko mlango wa pili. Mama Shamimu, mwenye banda, akatuma mtoto: "Shikamoo fundi. Mama anasema uje, kompyuta namba mbili imeingiliwa."

Kilichoiingilia kinaitwa ReShade. Ni programu inayoipokea picha baada ya gemu kumaliza kuichora, ikaipaka rangi, ikainoa, ikaitia vivuli, ndipo ikaiachia iende kwenye skrini. Kwa gemu za DirectX 10 hadi 12 (DirectX na OpenGL ni njia ambazo gemu huagizia kadi ya picha ichore) huingia kama faili la dxgi.dll, linalokaa folda moja na .exe, faili linaloifungua gemu. Za DirectX 9 zinataka d3d9.dll, za OpenGL zinataka opengl32.dll. Ukikosea hapo hakitokei chochote, gemu inafunguka kama kawaida. Dogo anayeshika banda mchana hakukosea. Laiti angekosea, tungelala mapema.

"Dogo, umeweka nini humu?"

"Nimeboresha picha, kaka. Wateja walikuwa wanalalamika nyasi zimefubaa."

Hawakuwa na la kulalamika tena. Vibrance, ile ya kukoleza rangi, huanzia 0.15, dogo kaipeleka 1.00, na refa ana uso wa rangi ya chungwa. LumaSharpen, ile ya kunoa picha, huanzia 0.65; kaipeleka 3.00, mwisho wa reli. Hilo peke yake lingevumilika, kwa sababu ina kizuizi kinachozuia kingo zisitoke weupe, nacho huanzia 0.035. Dogo alikipeleka 1.00, yaani alikiondoa. Na ReShade haijui huyu ni mchezaji na hii ni saa ya mechi. Kwake yote ni picha moja. Basi tarakimu nazo zikanolewa, zikaota mikia meupe, 3 ikafanana na 8. Mchana walishazozana kama bao limeingia dakika ya 83 au 88, na kumbe wote walikuwa wanasoma sawasawa.

Sasa mzuka. MXAO ni efekti ya kutia vivuli laini pale vitu vinapokutana: kiatu na nyasi, kwapa na jezi. Ili ijue kipi kiko mbele na kipi nyuma, husoma bafa ya kina, yaani ile picha ya pembeni ambamo kadi ya picha huandika umbali wa kila nukta. Dogo alikuwa kapakua mpangilio uliotengenezewa gemu nyingine kabisa, ambayo kina chake huja kimepinduliwa, na ndani ya mpangilio ule mlikuwa na RESHADE_DEPTH_INPUT_IS_UPSIDE_DOWN=1. Kwa hiyo kivuli cha mchezaji aliye chini ya skrini kilichorwa juu ya skrini, kichwa chini. Wachezaji wa Simba nao walikuwa na mizuka yao, ila hiyo hakuna aliyeihesabu.

Na kwa nini ingoje mpaka jioni? ReShade ya kawaida hufunga kina pale gemu inapokuwa na shughuli nyingi mtandaoni, ili watu wasitengeneze ujanja wa kuona kupitia kuta. Mchana kutwa walicheza mtandaoni, MXAO ikawa haioni kitu, dogo akadhani haina nguvu, akaisukuma mpaka mwisho. Jioni bando likaisha. Wakahamia mechi za humu humu ndani, kina kikafunguka, na mzuka ukatoka na nguvu zote alizoulimbikizia.

Nilibonyeza Home kufungua menyu, nikazima kila kitu, nikawasha DisplayDepth peke yake. Hii ndiyo ya kuanza nayo kabla hujagusa efekti yoyote ya kina: nusu ya skrini inakuwa na rangi rangi, nusu ya pili kijivu, karibu kukiwa cheusi na mbali cheupe. Skrini nzima ikawa uwanja wa watu waliosimama kwa vichwa.

"Mnaona sasa!" akapiga kelele wa Simba.

Nikabadili ile 1 ya UPSIDE_DOWN kuwa 0, efekti zikajipanga upya, wachezaji wakashika ardhi. (Ukikuta karibu ndiko kweupe, geuza ya IS_REVERSED. Ukikuta patupu kabisa, kwanza zima MSAA, ulainishaji wa kingo wa gemu yenyewe.) Halafu MXAO nikaiondoa, maana kompyuta ile haina kadi ya picha ya peke yake, na efekti hiyo hupima sehemu kadhaa kuzunguka kila nukta, skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Nikabakisha SMAA, ile ya kulainisha kingo, kisha LumaSharpen 0.50, kisha Vibrance 0.20, kwa mpangilio huo huo. Ukinoa kwanza, SMAA inakuta kingo za uongo na kuzilainisha bure. Mwisho nikatia tiki kwenye hali ya utendaji, chini ya menyu, inayofunga mipangilio ili efekti ziende haraka.

Fremu, yaani picha zinazochorwa, zikapanda kutoka 30 kwa sekunde mpaka 60, na wachezaji wakaanza kukimbia kama watu wenye haraka. Mama Shamimu, ambaye mizuka haikumshtua hata kidogo, akainuka kwenye kiti.

"Mbona sasa wanakwenda mbio?"

Nikamweleza kwamba saa ya gemu hii inafuata fremu. Zikishuka nusu, mechi ya dakika kumi inachukua ishirini.

"Na mimi natoza mia tano kwa mechi." Akamgeukia dogo. "Ndiyo maana leo foleni haisogei?"

Dogo akakumbuka ana ndoo za maji za kujaza.

Wa Yanga akadai mabao yake mawili yabaki. Wa Simba akasema fundi mwenyewe kathibitisha mbele za watu kwamba mlikuwa na kitu kichwa chini, kwa hiyo matokeo yafutwe. Wakanitazama mimi. Mama Shamimu akawawahi.

"Mechi inarudiwa. Mia tano, kila mmoja."