Jaribio lianze na hofu ya mwenye pesa

Kwa muda mrefu timu yetu hapa Kampala ilijivunia namba moja: majaribio, yaani programu ndogo zinazokagua programu kuu, yaligusa zaidi ya asilimia 90 ya mistari ya programu tuliyoitengenezea Sacco. Kila jioni yalipita yote. Kisha mkulima wa kahawa kule Masaka akaomba kutoa shilingi 300,000 za akiba yake, zitumwe kwenye simu. Mtandao ulikuwa mzito, keshia akaona skrini imeganda, akabonyeza tena. Mzee akapokea 300,000, akaunti yake ikakatwa 600,000.

Nilipoyasoma upya majaribio yetu niliumia. Mfumo wa malipo tuliuigiza kwa seva bandia, kompyuta ya kujifanya inayojibu papo hapo, haichelewi, haikatiki. Mtandao wa hivyo Masaka haupo, na Kampala pia haupo. Majaribio mengine yalirudia tu maneno ya msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, kwa sababu tuliyaandika mwishoni ili asilimia ipande. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alishaandika mwaka 1970 kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwa hitilafu zipo, kamwe hayaonyeshi kwamba hazipo. Sisi hata kuzitafuta hatukuzitafuta.

Siku hizi naanza kwa kuketi na keshia. Namuuliza: dada, kitu gani kikitokea mwanachama atakuja hapa analia? Majibu yake ndiyo majina ya majaribio. "Ombi likitumwa mara mbili, pesa zikatwe mara moja." Hilo moja lilitulazimisha kuliwekea kila ombi namba yake, ili likirudi seva ilitambue na kutoa jibu lile lile la awali. Muundo ukabadilika kabla ya msimbo kuandikwa, na hapo ndipo nauona uzito wa jaribio.

Hata sheria zikibadilika, majaribio ya aina hii hudumu. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, kisha ikashusha hadi 0.5, kwa kutoa pekee. Jaribio linalosema "anayetoa 100,000 atozwe 1,000" hurekebishwa kwa namba moja tu.

Ni kweli, kazi inakwenda polepole zaidi. Nakubali gharama hiyo.

Tumefuta majaribio mengi ya zamani na asilimia imeshuka. Bosi aliuliza kwa nini. Nikampa orodha ya majina ya majaribio mapya, akaisoma yote, akachukua kalamu na kuongeza lake: "Mwanachama akifariki, mrithi alione salio."