Kipindi cha Michezo Kilichogeuzwa Hisabati

Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, Jumatano saa sita na dakika arobaini mchana, darasa la sita B wana Michezo. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu na kupigiwa mstari kwa rula. Saa hiyo ikifika anaingia mwalimu wa Hisabati na chaki zake, anafuta ubao, na hakuna mtoto anayeuliza. Walishazoea. Mmoja aliyewahi kuuliza aliambiwa atacheza likizo.

Shule siitaji, na wala hakuna haja. Mzazi yeyote mwenye mtoto shule ya msingi anaweza kuweka jina la shule yake hapo na habari isibadilike. Siku hiyo nilikaa dawati la nyuma kabisa. Mvulana wa pembeni yangu alikuwa amechomoa mguu kwenye kiatu, anausugua unyayo sakafuni, mbele nyuma, mbele nyuma, kama anayepiga deki. Mwenzake alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu. Msichana wa mbele yao aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akarudi, na baada ya dakika kumi akaomba tena. Darasa likacheka. Mimi sidhani kama alibanwa na haja. Alikuwa anatafuta kutembea.

Kabla sijaendelea, haki ya mwalimu. Mtihani wa taifa hauna karatasi ya kuruka kamba. Matokeo yakitoka, wastani wa shule unasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla mwalimu mkuu hajamaliza kuusoma, na afisa elimu kata anataka maelezo. Hakuna mwalimu aliyewahi kuitwa ofisini kueleza kwa nini watoto wake hawakutoka jasho. Mzazi naye anayelipa ada anataka daftari lililojaa, mtoto akirudi na soksi nyekundu kwa vumbi, mama anauliza, "Leo mmesoma kweli?" Ongeza darasa la watoto zaidi ya mia, uwanja uliomegwa mara ya kwanza kwa ajili ya madarasa mapya na mara ya pili kwa fremu za biashara, na mpira mmoja uliopasuka. Katika hali hiyo, anayechukua kipindi cha michezo akafundisha sehemu na asilimia anajiona anawaokoa watoto, na nia yake ni njema.

Kuna hoja nyingine ya upande huo ambayo sisi wapenda michezo huwa tunairuka. Mtoto wa kijijini anayetembea kilomita nne asubuhi na nne mchana, akifika nyumbani anachota maji, hahitaji mtu wa mjini amwambie akimbie. Anahitaji uji. Ukimkimbiza saa sita mchana akiwa hajatia kitu tumboni tangu jana, hutapata umakini, utapata mtoto aliyeanguka. Hilo nalikubali lote, bila "lakini".

Ila watoto wetu wengi siku hizi siyo huyo. Chukua anayepanda basi la shule saa kumi na moja alfajiri ili foleni isimkute. Anakaa kwenye basi, anakaa darasani, anakaa tuisheni, anakaa tena kwenye basi, akifika nyumbani anakaa na kazi za nyumbani, kisha katuni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anapaswa kupata wastani wa dakika 60 kila siku za kujishughulisha hadi mapigo ya moyo yapande. Uchambuzi wake uliotoka 2019, uliokusanya takwimu za nchi 146, ulikuta asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafiki hapo. Wasichana walikuwa asilimia 85, wavulana 78. Rede na kombolela zimebaki kuwa hadithi za shangazi.

Kwa nini mwili usogee ndipo kichwa kitulie? Moyo ukienda mbio damu inafika kwa wingi kwenye ubongo, na ubongo unatoa dopamini na noradrenalini, kemikali zile zile zinazolengwa na dawa wanazopewa watoto wenye shida kubwa ya kutulia. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwatembeza watoto 20 kwenye mashine ya mazoezi kwa dakika 20, kisha wakawapa jaribio la kutaja alama ya katikati inaelekea wapi huku zilizo pembeni zikiwavuruga. Walijibu kwa usahihi zaidi kuliko siku walipokaa tu, na walielewa vizuri zaidi walichosoma. Watoto 20 ni wachache, najua. Aliyewahi kufundisha kipindi cha kwanza baada ya mapumziko hatashangaa hata hivyo.

Jambo linalonikera zaidi ni lingine. Hoja nzima ya kunyang'anya kipindi imesimama kwa mguu mmoja: kwamba saa ya kukaa ni saa ya kujifunza, kwa hiyo ukiongeza kukaa umeongeza kujifunza. Mguu huo ulishajaribiwa zamani. Miaka ya 1970, Trois-Rivières katika jimbo la Quebec, Kanada, ulifanyika utafiti uliohusisha wanafunzi 546 wa shule za msingi. Kundi moja liliongezewa saa tano za michezo kwa wiki, saa moja kila siku, chini ya mwalimu wa somo hilo. Wanafunzi wa mwaka uliotangulia na wa mwaka uliofuata waliachwa kama kawaida ili walinganishwe nalo. Saa hizo tano hazikutoka mbinguni. Zilikatwa kwenye masomo mengine, asilimia 13 hadi 14 ya muda wote.

Hebu tuiweke kwenye ratiba yetu. Ni karibu kipindi kimoja katika kila saba. Ni kama kuwaambia watoto kila Ijumaa wafunge mabegi saa nne asubuhi waende zao, mwaka mzima, miaka sita. Mwambie mzazi wa Dar es Salaam jambo hilo kwenye kikao cha shule uone kama utamaliza sentensi. Kwa mantiki ya mwalimu wetu wa Jumatano, watoto wale walipaswa kuporomoka. Darasa la kwanza kweli hawakuwa mbele ya wenzao. Kuanzia darasa la pili hadi la sita, alama zao zilikuwa juu.

Nimeugeuza utafiti huu nikitafuta kasoro, maana habari njema kupita kiasi huwa inanitia shaka. Kasoro ipo: wakati mwalimu wa michezo yuko uwanjani na watoto, mwalimu wa darasa alikuwa anapumua. Huenda alisahihisha madaftari, huenda alikunywa chai, akarudi darasani ni mtu. Basi sehemu ya ushindi inawezekana ni ya mwalimu aliyepumzika, siyo ya mtoto aliyeruka. Lakini hata ukiondoa sehemu hiyo, bado unabaki na jambo zito: saa zile zilikatwa na alama hazikushuka. Mimi sihitaji michezo ipandishe alama. Nikionyeshwa tu kwamba haizishushi, sababu ya kuiba kile kipindi imekufa.

Upande wa pili nao una utafiti wake wa maana, tena mkubwa. Kati ya 2014 na 2015, magharibi mwa Norwei, shule 57 zenye watoto wa miaka kumi zaidi ya elfu moja ziligawanywa kwa kura. Nusu wakaongezewa dakika 165 za mwendo kwa wiki: masomo yanayofundishwa uwanjani, mapumziko ya dakika tano katikati ya vipindi, na kazi za nyumbani za kufanya kwa miguu. Baada ya miezi saba, kwa jumla, hakuna tofauti ya alama. Wanaouza mazoezi kama dawa ya kufaulu mtihani hawapendi kuutaja utafiti huu. Ndiyo maana nami sisemi mchakamchaka utamtoa mtoto daraja C umpeleke A.

Ndani ya utafiti huo huo, hata hivyo, kuna kundi moja lililopanda katika hesabu: theluthi ya chini, wale waliokuwa wanashika mkia. Sasa jiulize shuleni kwetu nani hunyimwa mapumziko. Aliyepata zote kumi anatoka kwenda kununua ubuyu. Aliyepata mbili anabaki ndani kufanya masahihisho. Na huyo huyo, asipotulia, anatolewa nje arushwe kichurachura au azunguke uwanja mara kumi juani. Tumefaulu kuugeuza mwendo kuwa adhabu na kukaa kimya kuwa zawadi, halafu tunashangaa mtoto wa kike akifika darasa la saba hataki hata kuikaribia kamba. (Mchakamchaka wa enzi zetu nao usisifiwe sana, wengi tuliukimbia kwa sababu ya fimbo iliyokuwa inatufuata nyuma.)

Linawezekana nini, basi, kwenye darasa la watoto mia lisilo na uwanja? Mapumziko yaachwe yawe mapumziko, hasa kwa aliyeshindwa. Kipindi kirudi kwa mwenyewe, hata kama ni kusimama kando ya dawati na kunyoosha viungo. Dakika tano katikati ya vipindi viwili vizito hazihitaji mpira wala bajeti ya halmashauri. Kelele zitakuwepo, na mwalimu wa jirani atalalamika. Hiyo ndiyo gharama halisi, na kwangu ni ndogo.

Jumatano ile, saa saba kasoro kidogo, chumba cha pili darasa la tatu walianza jedwali la saba. Walikuwa wamesimama, kwa jinsi sauti zilivyokuwa zinatoka juu, na kila jibu walilipigia kofi na kuruka mara moja. Kumi na nne, puh. Ishirini na moja, puh. Bati lilikuwa linatetemeka. Upande wetu, darasa la sita B, yule mvulana alisimamisha mguu wake uliokuwa unasugua sakafu, akasikiliza, kisha akaanza kuugonga polepole, kwa mdundo ule ule, midomo ikifuata hesabu. Ishirini na nane. Thelathini na tano. Mwalimu akaenda kufunga dirisha.