Madaftari ya mzee wa Mwanga

Wiki iliyopita tumemzika Ujiji mzee aliyeandika habari za michezo za Kigoma kwa zaidi ya miaka thelathini. Gazeti alilolitumikia muda mrefu kuliko yote halikutoa hata mstari mmoja wa tanzia. Hasira haijanitoka, ndiyo maana naandika.

Wengi mnamkumbuka pale uwanja wa Lake Tanganyika, daftari la hesabu gotini. Shuti likilenga goli anaweka nukta, kona anachora kijistari. Filimbi ya mwisho ikilia, wenzake wanabaki kubishana, yeye anakimbilia kwenye simu. Nikiwa mdogo niliwahi kusimama nyuma yake kwenye foleni, nikamsikia akimsomea habari neno kwa neno mtu wa Dar asiyesikia vizuri: "Nta! N ya nyama, T ya Tabora, A ya Arusha!" Hakukata simu mpaka jina la beki yule wa Kiha likaandikwa sawasawa.

Gazeti lilikuja na treni, siku mbili tatu baadaye. Alinunua nakala kwa hela yake, akaikata habari yake kwa wembe, akaibandika kwenye karatasi na kuituma Dar ili alipwe. Isiyotoka hailipwi. Ikitoka bila jina lake, aanze kuhangaika kuthibitisha kwamba ni yake. Nauli na simu juu yake. Wapo vijana mikoani mpaka leo wanaolipwa kwa stori namna hiyohiyo, na hao bado tunaweza kuwatetea wakiwa hai.

Msibani kijana mmoja aliniambia, kaka, siku hizi kila mtu na simu yake, mwandishi wa nini? Fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, ya tarehe 25 Julai 2021 ilichezwa hapahapa kwetu, na bao la Taddeo Lwanga kila mtu anaweza kulitazama usiku huu akitaka. Halitapotea. Ligi ya mkoa ya miaka ya tisini je? Nani alidaka, nani alifunga, nani alivunjika mguu akarudi Kibirizi kwenye dagaa na hakucheza tena? Hakukuwa na kamera. Alikuwepo yeye na kalamu yake. Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, walipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, watoto wetu walishangilia kana kwamba mpira wa Kigoma umezaliwa siku ile, na siwalaumu, maana hatujawahi kuwaonyesha ya nyuma.

Nakubali, alikuwa na timu yake, na ikifungwa habari ilikuwa fupi. Wapo pia wenzake waliopokea bahasha za viongozi wa klabu. Sitetei hilo. Ila anayekaa miezi bila malipo anajaribiwa kila Jumamosi.

Juzi shangazi, mjane wake, aliniita nyumbani kwao Mwanga, hapahapa Kigoma. Chumba kinapangishwa, na madaftari yalikuwa yamefungwa kamba, tayari kwenda kuwashia moto. Nimeyachukua yote. Moja limelowa mvua: vikosi viwili, dakika za mabao, na wino wa jezi namba tisa umetawanyika, limebaki "Nta" tu. Amefunga mabao matatu siku hiyo. Kama ni wewe, au ni baba yako, nitafute tulijaze jina.