Kadi mpya, prosesa ya mwaka 2013

Hapa kwetu boksi zima la kompyuta tunaliita CPU. Mtu anatoka Kariakoo na "CPU" begani, ndani mna mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vingine), diski, pawa saplai na vumbi la ofisi fulani ya Ulaya. Nadhani mazoea haya yameidhulumu prosesa yenyewe, ile chipu ndogo inayofanya mahesabu, ambayo ndiyo CPU halisi. Jina lake limechukuliwa na bati, na kwenye mazungumzo ya magemu kimebaki kifaa kimoja tu cha kusifiwa, nacho ni kadi ya picha, inayochora unachokiona kwenye skrini. Gemu inakwama? Ongeza kadi. Bado inakwama? Tafuta kubwa zaidi.

Mpwa wangu alidunduliza miezi kadhaa kwa kufuata ushauri huo. Ana HP EliteDesk 800 G1 ya mtumba yenye Core i5-4570, prosesa ya Intel ya mwaka 2013 ya viini vinne, yaani vitengo vinne vinavyofanya kazi kwa pamoja. Alitoa kadi ya zamani, GTX 1050 Ti, akaweka RTX 3050 yenye memori ya GB 6, ile inayokula wati 70 tu na haidai waya wa ziada wa umeme. Akafungua Counter-Strike 2, gemu ya risasi ya kucheza mtandaoni. Picha zilipendeza, vivuli vikatulia. Kisha bomu la moshi likarushwa, watu watano wakakutana mlangoni, na gemu ikashika kigugumizi kilekile cha zamani.

"Anko, hii kadi feki."

Haikuwa feki. Tuliwasha MSI Afterburner, programu ya kupima mzigo wa vifaa, namba zikajitokeza pembeni ya skrini: kadi inafanya kazi nusunusu, viini vyote vinne vya prosesa vimegota mia kwa mia.

Kila fremu unayoiona, yaani kila picha moja katika mfululizo wa gemu, imepita mikono miwili. Prosesa ndiyo inayoamua nani amesimama wapi, risasi imempata nani, seva imesema nini, halafu inaandaa oda. Kadi inapokea oda na kuichora. Kibanda cha chipsi kikinunua karai kubwa huku mmenya viazi ni yuleyule mmoja, foleni haipungui. Karai linabaki na mafuta yanachemka bure.

Wanaotetea kadi wana hoja, tena nzito. Kwenye gemu za hadithi zenye mandhari makubwa, ukizicheza kwa setingi za juu, kadi ndiyo inayochoka kwanza, na prosesa ya gharama yoyote haitabadilisha kitu. Kuna gemu zinazokataa kabisa kadi za zamani: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haifunguki bila kadi yenye uwezo wa ray tracing, yaani kuchora mwanga kwa kufuata miale yake. Kubadilisha kadi pia ni kazi ya skrubu moja, wakati prosesa mpya mara nyingi huja na familia yake. Ukihama kutoka mashine ya DDR3, aina ya zamani ya RAM, unanunua prosesa, mazabodi na RAM kwa mpigo, na ukiwa na HP au Dell ya ofisini mara nyingi hata pawa saplai na boksi haviingiliani na vya kawaida. Kwa mtu mwenye bajeti ya kifaa kimoja, hoja hiyo inatosha kumaliza ubishi.

Ila ubishi wenyewe umejengwa juu ya namba moja inayopotosha, yaani wastani wa fremu kwa sekunde. Chukua kalamu. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Tuseme fremu 59 zimetoka vizuri, kila moja kwa milisekunde 14. Hizo ni 826. Fremu ya 60 imechelewa, imemeza 174 zilizobaki. Kaunta ya pembeni itaandika 60 bila haya, na 60 ndiyo namba ambayo kila mtu anaipiga picha ya skrini na kuwatumia wenzake. Lakini wewe uliyeshika mausi umekaa karibu sehemu moja ya sita ya sekunde unaangalia picha iliyoganda. Kwenye gemu ya risasi, muda huo unamtosha mtu kutokeza kwenye kona na kukumaliza.

Mwaka 2011 Scott Wasson wa tovuti ya The Tech Report aliipasua sekunde namna hiyo na kuanza kuangalia fremu mojamoja. Siku hizi wapimaji makini huweka kando ya wastani namba ya pili, kasi ya zile fremu mbovu kabisa, moja katika kila mia. Prosesa iliyozidiwa hujificha nyuma ya wastani, lakini kwenye namba hii ya pili inaanikwa. Na hii ndiyo namba ambayo muuzaji hakutajii, wala rafiki yako aliyenunua kadi wiki iliyopita.

Sidai kwamba kila kigugumizi ni cha prosesa. Kadi ya GB 4 iliyojaa memori nayo hukwama vibaya, na zipo gemu zilizotengenezwa hovyo zinazokwama hata kwenye mashine ya mamilioni. Kinachonifanya niitetee prosesa ni kwamba kadi dhaifu unaweza kuibembeleza. Shusha vivuli, washa DLSS au FSR (mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza), punguza ukubwa wa picha: 4K ina pikseli milioni 8.3, 1920 kwa 1080 ina milioni 2 na kidogo, kwa hiyo ukishuka umeipunguzia kadi pikseli tatu katika kila nne. Prosesa haijali pikseli. Watu watano mlangoni ni watu watano, skrini iwe kubwa au ndogo. Ziko setingi chache zinazoisaidia, kama wingi wa watu mtaani au umbali wa kuona, lakini zikiisha hizo huna pa kukimbilia.

Tena wanunuzi wanadanganywa na jedwali ambalo halijadanganya. Anayepima kadi anaifunga kwenye prosesa yenye kasi kubwa sana, kwa mfano Ryzen 7 9800X3D ya AMD, makusudi, ili prosesa isiingilie matokeo. Ni kipimo halali kabisa. Sasa msomaji anaichukua namba ile na kuitegemea kwenye Dell OptiPlex, kompyuta ya ofisini, ya mwaka 2012. Intel walikutana na jambo hili uso kwa uso. Kadi yao ya Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249, ina GB 12 za memori, na ikasifiwa kwa kuishinda RTX 4060 ya Nvidia. Januari wapimaji wakaijaribu na prosesa za kawaida, mojawapo Ryzen 5 2600, na kwenye baadhi ya gemu ikaanguka ikapitwa na RTX 4060 hiyohiyo, maana draiva yake, programu inayoiendesha kadi, ilikuwa inaitegemea mno prosesa. Mtu wa bajeti ndogo, ambaye kadi hiyo ilitengenezwa kwa ajili yake, ndiye hasa mwenye prosesa ya zamani.

Haki iende pande zote: majedwali ya prosesa nayo yanapimwa kwa kadi kubwa na picha ndogo ili tofauti ionekane. Mwenye kadi ndogo kama GTX 1650 akiyasoma atadhani atapata fremu ambazo kadi yake haiwezi kuzichora hata ikisaidiwa na malaika.

Gharama ya prosesa nayo haifanani kwa kila mtu. Aliyenunua bodi yenye AM4, soketi ya prosesa za AMD, mwaka 2017 na Ryzen 5 1600 juu yake, mara nyingi anasasisha BIOS tu, yaani programu ya ndani ya bodi, na kupachika Ryzen 5 5600 kwenye soketi ileile, RAM ileile. Kwa mtu huyo sioni kwa nini afikirie kadi kwanza. Mwenye HP ya prosesa za Intel za kizazi cha sita na i5-6500 ana i7-6700 mbele yake na basi; prosesa za kizazi cha nane zinatumia soketi yenye jina lilelile, LGA1151, lakini bodi yake haizikubali. Wengi wamenunua bila kujua hilo.

Halafu kuna Windows. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, na, kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha nane. Gemu ya Valorant ukiicheza kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi unaokagua programu kompyuta inapowaka. Hapo unaweza kuwa na kadi ya kifahari na bado mlango ukafungwa kwa sababu ya umri wa prosesa na bodi.

Kujua upande wako hakugharimu hata senti. Fungua gemu unayoicheza zaidi, nenda sehemu inayokwama, shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa imechoka. Zikibaki palepale, iache kadi ipumzike. Na usiangalie asilimia ya jumla ya prosesa, angalia kiini kimojakimoja. Jumla ikisema 55 huenda kimoja kimebeba mzigo wote na wenzake wanapiga soga.

Kwa mpwa wangu fremu hazikupanda. Tukatafuta i7-4770 ya mtumba, viini vinne bado lakini nyuzi nane, yaani kila kiini kinashika kazi mbili kwa pamoja, soketi ileile, tukaongeza kipande cha pili cha RAM kwa kuwa alikuwa na kimoja tu. Kuifunga ilikuwa dakika ishirini. Kuitafuta pasta ya kupaka juu ya prosesa ilitumaliza mchana mzima. Wastani ulipanda kidogo. Kigugumizi cha mlangoni kimepungua sana, hakijaisha. Anadunduliza tena, safari hii kwa ajili ya Ryzen 5 5600, mazabodi yake na boksi la kawaida, na juzi ameniuliza kama ile RTX 3050 itaingia humo. Itaingia.