Baraza za Jinja

Asubuhi moja mwezi wa kumi na moja, nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nilikaa kwenye benchi la Jubilee Square hapa Leicester, Uingereza, nikampigia mama simu. Mama yuko Jinja, Uganda. Kwetu Walukuba Kiswahili hatukukifuata darasani. Mtaa ule ulijengewa wafanyakazi wa viwandani, na ukiwa na Mlugbara ukuta huu, Mluo ukuta ule na Msamia mlango wa pili, mtoto anakiokota Kiswahili uani pamoja na michezo. Nilipokata simu, mzee mmoja wa Kihindi aliyekaa upande wa pili wa benchi akanigeukia.

"Binti, hicho Kiswahili cha wapi?"

"Cha Jinja, mzee."

Alinyamaza kitambo. Nilidhani ataniuliza habari za mto, au za bwawa la Owen Falls, kama waulizavyo wengi. Yeye akasema: "Zile baraza za Main Street, bado zipo?"

Kisha kwa ncha ya fimbo akanichorea mtaa juu ya mawe ya uwanja. Hapa duka la baba. Hapa nguzo, na pale nguzo nyingine. Katikati ya nguzo, fundi cherehani. Hapa watu walikuwa wakijibanza mvua ipite, na hakuna aliyewauliza wananunua nini. Aliondoka akiwa kijana wa shule mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wametoka. Zaidi ya miaka hamsini imepita na bado anajua upana wa baraza ile kwa hatua zake za utotoni.

Tangu siku hiyo kila nikipita uwanja huu nauona na mtaa ule. Ndiyo maana naandika, nikiwalenga hasa ndugu zangu wa Jinja, wenye maduka, madiwani na wote mnaokaa vikao vya kupanga mji.

Niwaeleze kwanza mahali nilipokuwa nimekaa. Jubilee Square, hadi mwaka 2014, ilikuwa maegesho ya magari. Iko kati ya High Street na kanisa kuu, sehemu ya kale kabisa ya Leicester, karibu na ukuta uliojengwa na Warumi. Miaka ya 1960 walipitisha barabara pana ya mzunguko katikati ya mji huo wa kale, wakabomoa kilichowazuia, na viwanja vilivyobaki wazi wakaviachia magari. Mfano wa hayo ulimwengu mzima unaujua. Mfalme Richard wa Tatu aliuawa vitani mwaka 1485, na mifupa yake ilikuja kupatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya ofisi za halmashauri, mwendo mfupi tu kutoka benchi langu. Kwa miaka watu walikuwa wakifika kazini asubuhi na kuegesha juu ya kaburi la mfalme. Walimzika upya ndani ya kanisa kuu mwezi Machi 2015, na wageni hawajaacha kuja kumtazama.

Walipoyaondoa magari, waliweka nyasi, mawe ya kukanyaga na sehemu za kukaa. Msimu wa baridi huletwa uwanja wa kuteleza juu ya barafu na gurudumu kubwa la taa. Lakini kilichonigusa mimi kiko chini, ardhini. Bibi ninayemhudumia hutembea kwa kiti cha magurudumu, nami humsukuma kutoka kituo cha basi hadi mlango wa kanisa bila kukiinua kiti hata mara moja. Kila ukingo wa barabara umeshushwa. Mtoto wake akija na gari, bibi ana kadi ya buluu wanayopewa watu wenye ulemavu, inayoruhusu gari liegeshwe karibu, hata penye mistari ya njano kwa muda usiozidi saa tatu. Sisi wazima tunaambiwa tuache magari nje ya mji kwenye vituo vitatu vikubwa, tuingie kwa basi. Naliona hilo ni haki: aliye na mguu atembee, asiye na mguu asogezwe.

Sitawapamba watu wa huku kwa rangi wasiyo nayo. Mwezi wa pili uwanja huu huwa mtupu, upepo unavuma, na wanaopita wanapita kwa haraka. Wenye maduka ya katikati wanalalamika kwamba mteja mwenye gari anakimbilia maduka makubwa ya nje ya mji ambako hatozwi kuegesha. Halmashauri inalazimika kutengeneza sababu ya watu kuja: leo muziki, kesho soko la vyakula. Kila nikiona matangazo yale nawaza kwamba Jinja haihitaji kumwita mtu. Weka kivuli, maji na choo safi, uone kama saa moja itapita kabla kiti cha mwisho hakijakaliwa.

Januari nilikwenda nyumbani. Mama magoti yanamsumbua, akataka tutoke pamoja kwenda duka la dawa la Main Street. Tulishuka paki ya taksi. Kutoka pale si mbali, lakini ilituchukua muda nisioupenda kuukumbuka. Baraza zipo, mzee wangu, nguzo zipo, na juu ya majengo kadhaa bado unasoma majina ya familia na mwaka wa kujengwa. Shida ni kwamba kila mwenye duka ameinua sakafu yake alivyotaka. Unapanda ngazi tatu mbele ya hadiwea, unashuka mbili mbele ya duka la simu, unakuta magodoro yamepangwa hadi kwenye nguzo, unarudi barabarani. Barabarani napo magari yameingiza pua hadi ukingoni, na nyuma yake boda wamesimama wakingoja abiria. Kwa hiyo mama yangu, mwanamke wa miaka sabini na ushee, akawa anatembea katikati ya barabara akiwa amenishika mkono, na madereva wanampigia honi. Penye ngazi ndefu kuliko zote alisimama akaniambia, "Wewe nenda, mimi nitakungoja hapa juani." Mtaa mzima umejengwa kwa kivuli, na mama yangu akangojea juani.

Najua tumefikaje hapa. Wenye majengo walipofukuzwa, mali zao ziliingia mikononi mwa bodi ya serikali, wapangaji wakaja na kuondoka. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua njia ya wenyewe kurudishiwa, na marejesho yakaendelea miaka mingi baadaye. Katika muda wote huo, nani angepaka rangi nguzo asiyojua kesho ni ya nani? Kila mtu alitengeneza kipande chake cha mbele ya mlango, basi. Baraza, ambayo ilikuwa ya wote, ikakatwa vipande. Na tazameni lugha yetu: baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, na baraza ni mkutano wa watu wanaoamua mambo yao. Wazee waliotupa neno moja kwa vitu hivyo viwili walijua kwamba hakuna mashauri pasipo mahali pa kukaa.

Sasa Jinja ni jiji, tangu tarehe 1 Julai 2020. Fedha za Benki ya Dunia zimeingia kwenye barabara za miji yetu, lami mpya imemwagwa, taa zimesimamishwa. Nashukuru. Ila lami ikiwa nzuri gari huenda kasi zaidi, na mama yangu bado yuko kati ya gari na ngazi. Majengo nayo hayana kisingizio cha kutojulikana. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limetengeneza ramani za majengo ya kale ya Kampala, Entebbe na Jinja, na tangu mwaka 2023 tuna sheria mpya ya makumbusho na maeneo ya kihistoria. Kilichobaki ni kuamua mtaa huu ni wa nani.

Wengine watasema tujenge uwanja rasmi, wenye uzio na sanamu. Nawaomba mkumbuke Constitution Square ya Kampala, mbele ya Mahakama Kuu. Pale ni katikati ya mji kabisa, pana miti na nyasi, mahali ambapo karani angekula chakula chake cha mchana. Baada ya maandamano ya mwaka 2011, yale ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, pakafungwa, na kwa miaka polisi ndio waliokaa pale badala ya wananchi. Uwanja unaoogopwa na wenye mji hauna faida hata ukipandwa maua ya dhahabu. Huku Leicester pia watu huandamana, hubeba mabango na kupiga kelele hadi sauti zinakauka, kesho yake watoto wanacheza palepale.

Na bado Kampala hiyohiyo imetuonyesha kinyume chake. Tamasha la jiji lilipoanza mwaka 2012, barabara za katikati zilifungwa kwa magari, na watu walijaa wakicheza palipozoea kuwa na foleni. Barabara ya Namirembe na Luwum zikatengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu na baiskeli. Hakuna aliyekufa kwa kukosa pa kuegesha. Hata kwetu, Kyabazinga, mfalme wetu wa Busoga, alipofunga ndoa Bugembe tarehe 18 Novemba 2023, mimi nikitazama kwa simu huku machozi yananitoka, Busoga yote ilisimama kando ya barabara na magari yakasubiri. Kumbe inawezekana kwa mfalme. Iwezekane na kwa mwuza gonja, zile ndizi za kuchoma.

Ombi langu ni dogo. Tuchukue kipande kimoja cha Main Street, chenye majengo ya kale mengi, tukifunge kwa magari Jumamosi mchana hadi Jumapili jioni. Wenye magari waegeshe kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambao siku nyingi za mwaka umelala tu, na wazee na walemavu wasogezwe hadi mlangoni. Boda wasifukuzwe, wapewe stendi yao mwanzo na mwisho wa kipande hicho, maana ndio watakaowaleta watu na kuwarudisha. Wachuuzi wa roleksi, yaani chapati za kukunjia mayai, na wa mahindi wapewe nafasi zenye namba na pipa la taka, waache kukimbizana na askari. Nami nasema wazi kwamba usafi wa mji kwa kumpiga teke mama mwenye sigiri siutaki, hata kama picha zitapendeza.

Na kabla ya muziki na mataa, sakafu za baraza zisawazishwe. Ndilo jambo ninalolipigania kuliko yote. Mwenye duka aliyeinua sakafu aliogopa maji ya mvua, na hofu yake ni ya kweli, kwa hiyo mitaro izibuliwe kwanza, kisha jiji lilipie mteremko badala ya kumtoza faini. Najua halmashauri zinapenda ushuru wa maegesho kwa kuwa ni pesa ya kila siku. Lakini gari moja linakaa pale asubuhi hadi jioni na mwenyewe yuko ofisini. Katika nafasi hiyohiyo wangekaa watu wanane, na watu wanane wana njaa, wana kiu, wana watoto wanaotaka viatu.

Siku ile mama alipokuwa akingoja juani, nilipita baraza zote za upande ule nikirekodi kwa simu, ngazi kwa ngazi. Niliporudi Leicester nilimtafuta yule mzee nikampata benchi lilelile, amejifunga skafu hadi masikioni. Aliitazama video mara mbili bila kusema neno. Mara ya tatu akanishika mkono nisimamishe picha. Fundi cherehani alikuwepo, kati ya nguzo mbili, ameinama kwenye mashine yake. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na pikapu iliyopandisha gurudumu la mbele juu ya sakafu.

Mzee alimtazama fundi muda mrefu, akatabasamu. Kisha akaweka kidole juu ya lile gurudumu.

"Hili linafanya nini barazani?"