Keki ya Krismasi kwa kaya ya watu wawili: uoke au ununue?

Desemba ikishafika katikati, hukumu inayotolewa ofisini na kwenye makundi ya kina mama huwa ile ile: kama nyumbani mko wawili au watatu, kuoka keki ni kujichosha na kupoteza hela. Agiza bekari ya kilo moja, maliza. Kuoka wanaachiwa wenye familia kubwa, wenye wageni wanaoshuka kutoka mkoani na mabegi. Nimeisikia hoja hii kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na sehemu yake ni kweli. Shida yangu ni kwamba imesimama juu ya hesabu ambayo wengi hawajaipiga.

Na si jambo la wachache. Sensa ya mwaka 2022 iliweka wastani wa kaya ya Tanzania kuwa watu 4.3. Ukikumbuka kwamba zipo nyumba za watu tisa na kumi zinazouvuta wastani huo juu, utaona kwamba nyumba za wawili watatu ni nyingi mno: vijana waliooana juzi, mama na mtoto mmoja, wazee ambao watoto wameshaondoka, ndugu wawili waliopanga pamoja Mbagala au Kimara.

Wanaotetea keki ya kununua wana hoja zenye uzito. Tarehe 24 mtu bado yuko kazini, foleni ya kurudi nyumbani ni ndefu, usiku kuna misa ya mkesha, na kesho yake pilau linamsubiri. Muuguzi mwenye zamu ya usiku hana saa mbili za kukaa na beseni. Wapo waliopanga chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki moshi wa mkaa kwenye korido. Halafu kuna kina mama wanaooka majumbani mwao na kuuza kwa oda; Krismasi ndiyo msimu wanaopatia ada ya shule ya Januari, na kumuunga mkono jirani ni jambo jema. Keki ya kununua pia haibonyei katikati wala haidumai mikononi mwako. Ikiharibika, imeharibikia kwa fundi.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni ile hoja kuu, kwamba kuoka keki ndogo hakulipi.

Chukua keki inayojulikana na karibu kila mpishi wa nyumbani: unga robo kilo, sukari robo, siagi au Blue Band robo, mayai manne au matano, bekingi pauda vijiko viwili vya chai. Hiyo huokwa kwenye chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20, na kweli, kwa watu wawili ni nyingi. Mtu huangalia chombo cha sentimita 15, akaona kimepungua robo tu, akahitimisha kwamba keki "ndogo" bado itakuwa kubwa. Hapo ndipo hesabu inapopotea. Ujazo wa chombo cha duara hufuata upana uliozidishwa kwa wenyewe: 15 mara 15 ni 225, 20 mara 20 ni 400. Kama kina ni kile kile, chombo cha sentimita 15 hubeba zaidi kidogo tu ya nusu ya kile cha 20. Tofauti ya sentimita tano, ambayo kwa macho unaiona ya kupuuza, inakata keki karibu nusu.

Faida yake ni kwamba huhitaji mapishi mapya. Unagawa kila kitu kwa mbili: unga gramu 125, sukari 125, siagi 125, mayai mawili, bekingi pauda kijiko kimoja, na konzi mbili za zabibu kavu. Kinachotoka ni keki inayozidi nusu kilo kidogo, vipande vinane hadi kumi vya kushika mkononi. Watu wawili watakula Krismasi, watakula siku inayofuata, na kitabaki cha kumpa mtu. Na kwa kuwa ni ndogo, huiva mapema. Dakika 40 hivi kwenye oveni ya nyuzi 170, badala ya saa nzima na zaidi. Wanaoogopa umeme wajue kwamba oveni ya kawaida ya nyumbani haizidi uniti mbili kwa saa, na kwa mtumiaji wa kawaida hiyo ni pesa isiyofika shilingi elfu moja.

Watajibu: sawa, lakini lazima ununue unga kilo mbili na trei nzima ya mayai ili upike keki ya unga gramu 125. Hoja hii ingekuwa na nguvu kwenye nchi ambazo duka huuza pakiti tu. Kwetu kuna Mangi, mwenye duka la mtaani. Kwa Mangi unapimiwa unga robo, sukari robo, unachagua mayai mawili, na maduka mengi yatakupimia hata Blue Band. Biashara ya kupima, ambayo tunaidhani ni ya shida, ndiyo inayomfanya mtu wa kaya ndogo aoke bila kubakiwa na kitu. Vitakavyobaki ni kopo la bekingi pauda na kichupa cha vanila, na hivyo havigombani na mtu kabatini.

Sasa iangalie ile kilo moja ya bekari. Kwa kawaida keki zetu huuzwa kwa uzito, na krimu ya juu, ya pembeni na ya katikati ya matabaka imo ndani ya uzito unaoulipia. Krimu hiyo kwa sehemu kubwa ni sukari na mafuta. Kwa hiyo mwenye kaya ndogo, ambaye ndiye anayetakiwa kuogopa ziada kuliko wote, analipa kwa kilo kitu ambacho mara nyingi watoto hukilamba na watu wazima hukikwangua pembeni mwa sahani.

Kinachonigusa zaidi ni kudumu. Familia ya watu kumi haina haja ya kuuliza keki itakaa siku ngapi, maana itaisha kabla ya saa kumi jioni. Wawili ndio wanaohitaji keki inayokaa, na keki ya krimu ndiyo isiyokaa. Joto la Dar la Desemba huvuka nyuzi 30, kwa hiyo krimu inayotaka baridi lazima iingie friji. Ukishaiweka frijini, mwili wa keki unakauka na kuwa mgumu haraka kuliko ungekaa mezani, kwa sababu wanga wa unga hugandamana upesi kwenye ubaridi wa friji. Tarehe 27 unakuta kipande kigumu chenye harufu ya kitunguu.

Keki ya zabibu haina tabia hiyo. Waingereza huoka yao Novemba, huinyunyizia brandi kila baada ya siku kadhaa, na hawaikati mpaka sikukuu. Inavumilia kwa sababu matunda makavu na sukari huyashika maji, na pombe huzuia ukungu. Sisi hatuhitaji kufika huko, na kwa unyevu wa pwani nisingemshauri mtu aiweke mwezi. Lakini loweka zabibu usiku kucha kwenye chai ya rangi yenye iliki na ganda la chungwa, ziwe zimevimba na kung'aa. Zikaushe kwa kitambaa, zigaragaze kwenye unga kidogo zisizame chini, kisha oka tarehe 22. Ikipoa kabisa, ifunge kwenye karatasi ya kuokea na uitie kwenye bati lenye mfuniko. Tarehe 25 itakuwa tamu kuliko ilipotoka motoni, kwa kuwa unyevu wa zabibu umesambaa. Na hapo ile hoja ya tarehe 24 yenye foleni inapungua nguvu: hakuna anayekulazimisha uoke siku hiyo.

Kuna pia jirani. Katika mitaa yetu sahani ya Idd hupita ukuta na biskuti na pilau, na Krismasi hairudi tupu. Keki ya matunda ya kununua wakati mwingine imelowekwa pombe, na muuzaji asipokuambia hutajua. Ile uliyoloweka mwenyewe kwa chai ya rangi unaipeleka kwa jirani Mwislamu ukiwa na amani, na akiuliza una jibu la kweli. Kwangu mimi hili peke yake lina uzito kuliko bei.

Asiye na oveni hajafungiwa mlango. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini, chombo cha keki ndani, mfuniko wenye mkaa juu: moto wa juu uwe mwingi, wa chini makaa machache. Chomeka njiti katikati. Ikitoka kavu, imeiva. Kwenye jiko la gesi la plati moja ni sufuria ile ile, moto mdogo kabisa, na uvumilivu zaidi, ila uso wake hautapata rangi nzuri.

Kwa hiyo naona wa kununua ni yule ambaye kweli hana muda hata jioni moja ya wiki ile, au hana mahali pa kuwasha moto. Huyo namshauri asichukue ile ya krimu iliyopangwa kwenye kioo. Amwendee mama anayeoka mtaani mapema, aagize ya nusu kilo, ya zabibu, isiyo na krimu, na aulize zabibu zimelowekwa kwenye nini.